Baraza na Afya ya Akili ya Wanaume

Sononi kwa mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira za ghafla, pombe inayozidi, usingizi unaokatika saa tisa za usiku, na mgongo usioacha kuuma. Wengi hutibiwa mgongo, kinachowaumiza kikabaki palepale. Mvulana huambiwa “jikaze” tangu siku anayoanguka na kuchubuka goti. Akifika miaka 40, kazi imekwisha au ndoa imevunjika, hana neno la kutajia linalomsumbua.

Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya maradufu ya kile cha wanawake. Sheria nayo imechangia ukimya. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliifanya kujaribu kujiua kuwa jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinakiuka Katiba. Aliyenusurika aliweza kutoka wodini akaishia kizimbani. Hofu hiyo peke yake ilitosha kumziba mtu mdomo.

Pwani, mahali pa kusemea pamejengwa ukutani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na kule Lamu, baraza za mawe zimepakana na milango ya nyumba. Muuza kahawa hufika na dele lake lililo juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Kahawa chungu, kipande cha kashata, bao katikati. Wanaume hukaa bega kwa bega, macho kwenye kete, na hapo ndipo penye faida: jambo zito hutoka kwa wepesi mtu asipokodolewa macho.

Hata hivyo, baraza inaweza kukaliwa miaka 20 isizungumze ila siasa na mpira. Inahitaji mmoja wa kuanza, tena pembeni, si mbele ya kundi: “Naona siku hizi umepoa sana, kulikoni?” Kisha anyamaze, asikilize bila kutania wala kukimbilia kushauri, na siri isitoke hapo. Kumuuliza mtu waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Akikiri, asiachwe peke yake. Dawa na sumu za shambani ziwekwe mbali naye, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mwenzake aingie naye mpaka kwa daktari, maana wapo wanaogeukia mlangoni.