Kumjua Adui wa Shamba kwa Picha

Mfanyakazi wa viwanda vya Nyakato apatapo mshahara wake mwisho wa mwezi, sehemu isiyo ndogo huishia katika unga. Kwa hiyo habari ya mdudu alaye mahindi si habari ya mkulima peke yake. Tena wengi wetu twalima: yuko mwenye kipande chake Buswelu au Kisesa, yuko mwenye shamba kwa wazee wake Misungwi au Magu, ambako siku ya mapumziko hupanda basi na jembe lake. Mtu huyo afikapo akakuta majani yametobolewa-tobolewa, na moyo wa mhindi umejaa uchafu mfano wa unga wa mbao, swali lake la kwanza ni moja: nani amefanya haya?

Swali hilo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Wako viwavijeshi wetu wa siku zote, ambao huja makundi kwa makundi, wakala majani mchana kweupe na kusonga mbele. Wako mabungua, watobao bua na kufanya makao ndani yake. Na sasa yuko mgeni, kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa amekwisha ingia Tanzania. Nondo wake huruka masafa marefu kwa usiku mmoja, na jike hutaga mayai zaidi ya 1,000 katika maisha yake mafupi. Kiwavi mwenyewe ana alama zake: usoni ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa meusi manne yaliyokaa kama pembe za mraba. Lakini angali mdogo alama hizo hazionekani vizuri, na akikua hujificha katika moyo wa mhindi ambako dawa haimfikii.

Asiyemjua hununua dawa yoyote aikutayo dukani. Akiinyunyiza kwa mdudu asiye wake, au akichelewa hata kiwavi akazama ndani, fedha imekwenda, buibui na manyigu walao viwavi wamekufa, na adui yuko pale pale akila.

Hapo ndipo ilipoingia akili mnemba. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani, walitoa programu ya simu iitwayo Nuru. Mkulima huielekeza kamera kwenye jani lililoharibiwa, na simu humwambia kama uharibifu ule ni wa kiwavijeshi vamizi. Hufanya kazi yake shambani pasipo intaneti, na husema Kiswahili. Jambo hili la mwisho si dogo. Twajua ni mashine ngapi zimeletwa nchini ambazo hata mafundi wake walishindwa kusoma maandishi yake.

Asidhani mtu kwamba simu imepewa macho ya mchawi. Mashine huonyeshwa picha maelfu, kila moja ikiwa na jina lililotiwa na mtaalamu. Nayo hukisia, hukosea, hurekebishwa, hukisia tena, mpaka izoee mpangilio wa rangi na mistari uendao na kila jina. Kwa hiyo haijui neno ila lile iliyofundishwa, na mwalimu wake wa kwanza ni mtu aliyepiga magoti shambani na kamera.

Na shamba hilo lilikuwa letu. Kabla ya mahindi, wataalamu wa chuo kile na wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki walipiga picha za majani ya muhogo katika mwambao wa Tanzania. Picha 2,756 ndizo zilizotumika katika taarifa waliyoitoa mwaka 2017, zikionyesha uharibifu wa utitiri mwekundu na utitiri wa kijani, na magonjwa kama batobato na michirizi ya kahawia. Mashine ilipopewa picha ambazo haijapata kuziona, ilijibu sawa kwa asilimia 93.

Hesabu hiyo ilipendeza mno, na sisi tusingeiamini bila kuuliza zaidi. Picha iliyochaguliwa vizuri si sawa na jani lililopigwa upepo, lenye vumbi, lenye dalili changa. Mwaka 2020 wataalamu wakiongozwa na Latifa Mrisho walitoa taarifa ya kuwapima wote watatu, mashine, bwana shamba na mkulima, kwa magonjwa hayo mawili ya muhogo. Nuru ilipata asilimia 65. Mabwana shamba walipata kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Majani sita ya mmea mmoja yalipochunguzwa badala ya moja, mashine ilipanda hata kati ya 74 na 88.

Wako watakaozisoma hesabu hizo ili wamcheke mkulima. Sisi hatuoni la kuchekesha. Batobato iliandikwa habari zake katika nchi hii hii mwaka 1894, na mtaalamu wa Kijerumani. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mwenye shamba bado hajaonyeshwa sawasawa tofauti ya ugonjwa huo na mwingine, naye ndiye akataye pingili na kumgawia jirani mbegu yenye ugonjwa. Aibu hiyo si yake. Hata bwana shamba tusimlaumu upesi, maana mmoja hupewa vijiji vingi na pikipiki isiyo na mafuta.

Wala Nuru haioni yote. Michirizi ya kahawia huweza kuozesha muhogo chini ya udongo huku majani yakiwa na dalili hafifu. Hapo hapana picha ya jani itakayomwokoa mtu, ila kung'oa na kukata.

Kwetu Kanda ya Ziwa iko Ukiriguru, penye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambacho herufi zake UK zimo katika majina ya mbegu zetu za pamba. Hapo pana watu wawajuao funza wa vitumba na inzi weupe kwa majina na kwa tabia. Twapenda kuona picha za mashamba ya Misungwi, Kwimba na Magu zikitiwa majina na watu hao, na mkulima aliyeitoa picha akirudishiwa jibu kabla kiwavi hajazama katika moyo wa mhindi.