Fundi yuko Dodoma, paa linavuja Kolo

Anayetaka kuelewa gharama za kukarabati nyumba Kolo asianze na bei ya saruji. Aanze na fundi. Tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, kijana mwenye mwiko na pima maji hana sababu ya kukaa kijijini akisubiri mtu mwenye tundu moja la bati. Mtumba kuna Mji wa Serikali, Msalato kuna uwanja wa ndege, na pembezoni mwa jiji watu wanajenga mwaka mzima. Safari yenyewe ni nyepesi: lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilifunguliwa rasmi Aprili 2018, na Kolo iko kando yake, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Barabara inayoleta bati ndiyo inayomwondoa wa kulipiga misumari.

Fundi aliyebaki hakatai kazi, ila kazi ndogo haimlipi. Koki ikivuja, kinachobadilishwa ni washa, kipande cha mpira cha bei ndogo sana. Kinachomuumiza mwenye nyumba ni nauli ya fundi, posho yake na siku nzima aliyoitenga. Akiba ya kujitengenezea mwenyewe iko hapo, kwenye ufundi, si kwenye vifaa. Funga valvu, fungua kichwa cha koki kwa spana, toa mpira uliolika, weka mpya. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Yakihesabiwa kama 4,000 kwa lita, ni zaidi ya ndoo ya lita 20 inayokwenda chini kila siku, tena mahali ambapo maji bado yanahesabiwa kwa ndoo.

Lakini hasara kubwa iko juu, kwenye paa. Wazee wa Kondoa walikulia kwenye tembe: paa bapa la miti na fito, limefunikwa udongo. Tembe halikuwa na msamaha. Kila mwaka kabla ya mvua, familia ilipanda kushindilia udongo mpya, na kina mama wakakandika kuta. Fedha haikutoka, lilitoka jasho. Bati lilipoenea liliondoa kazi hiyo ya kila mwaka, na pamoja nayo likaondoa mazoea ya mtu kushika paa la nyumba yake. Sasa tunangoja livuje ndipo tutafute namba ya simu. (Wachoraji wa kale wa miamba ya Kolo, ambao kazi yao iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, walijichagulia dari la jiwe. Hawakuwahi kununua msumari.)

Bati huharibikia kwenye msumari. Upepo wa kiangazi hulitikisa, tundu likapanuka, mpira ulio chini ya kofia ya msumari ukakauka na kupasuka kwa jua. Bati jembamba huumia zaidi, na hapa wanunuzi wengi huvutwa na bei wakasahau kwamba namba ya geji ikipanda, bati linapungua unene. Dawa yake haihitaji mtaalamu. Ng'oa msumari uliolegea, kata mpira mpya kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, urudishie msumari mnene kidogo. Na uupige kwenye mgongo wa bati; ukiupiga bondeni, ambamo maji hupita, umejitengenezea bomba la kuingiza mvua chumbani. Tundu la kutu lisugue kwa brashi ya waya, paka lami, bandika kitambaa, paka lami tena. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari tu, kwa maana chini yake ndiko kuna papi.

Kazi hii ni ya Septemba au Oktoba. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba, na zikishaanza kila mtu anamtaka fundi siku moja.

Kwa nyufa za ripu, Kondoa ina utajiri wa kusikitisha. Mmomonyoko uliozaa mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden, na kufanya mifugo iondolewe kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979, umeacha mchanga mwingi makorongoni. Mchanga wa kuziba ufa, basi, si wa kuagiza mbali. Ila usugue viganjani kwanza: ukiacha tope, uoshe, maana saruji haishiki udongo. Panua ufa kidogo, ulowanishe, jaza kwa saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu nne. Nunua saruji ya kupima kwa kilo. Mfuko wa kilo 50 uliofunguliwa hugeuka jiwe stoo, na akiba yote imeishia humo.

Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya mlango na kupanuka kila masika ni habari nyingine. Huo unatoka kwenye msingi, na kuupaka ripu ni kuuficha tu.

Umeme nao una mpaka wake. Wengi waliunganishiwa kwa ada ya vijijini ya shilingi 27,000, wakadhani na matengenezo yake ni ya bei hiyo. Kubadilisha balbu ni kazi yako. Waya za ukutani ni za fundi mwenye leseni ya EWURA. Swichi ikianza kutoa cheche, zima meini swichi na uiache imezimwa mpaka afike.