Kilima cha Kwanza: Kuchagua Mahali pa Kuteleza Thelujini Mashariki mwa Kanada

Sisi tuliokulia pwani ya Tanzania tuliichukulia theluji ya Montreal kuwa adha ya kuvumiliwa. Binti yetu aliyezaliwa huku huingoja kwa hamu, kama sisi tulivyongoja maji yapwe tukacheze. Alipotimiza miaka 12 aliomba jambo moja: ateleze mlimani kwa ubao kama wanafunzi wenzake.

Tulidhani mahali pazuri ni mlima mrefu. Tukafunga safari, tukalipa tiketi ghali. Binti alipofika kileleni alitazama chini, akaketi thelujini akalia. Wahudumu wakamteremsha. Tulimpokea akitetemeka, naye akatuambia hatarudi tena. Kosa lilikuwa letu.

Msimu uliofuata tulianza upya, kwa kilima kidogo na mwalimu. Wakazi wa Montreal wana Saint-Sauveur, mwendo wa takriban saa moja kaskazini, na Bromont upande wa mashariki. Kote huko njia huwashwa taa usiku. Walioko Ottawa huvuka mto hadi Camp Fortune, katika vilima vya Gatineau. Wa Toronto huenda Blue Mountain, karibu na Collingwood, mwendo wa saa mbili hivi.

Mzazi asome alama kabla ya kutazama urefu. Duara la kijani ni njia nyepesi, mraba wa buluu ni ya wastani, almasi nyeusi ni ya mabingwa. Tena theluji ya mashariki si laini daima: mvua hunyesha katikati ya baridi, kisha huganda ikawa barafu ngumu. Siku kama hiyo anayeanza heri abaki nyumbani. Siku nyingine avae kofia ngumu na kinga za vifundo vya mikono, kwani aangukaye kwa ubao hutanguliza viganja.

Siku nayo ni fupi. Mwezi wa Desemba jua la Montreal hutua karibu saa 10:15 jioni, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia mkiwa mlimani. Tulijifunza kupanga mapumziko kwa nyakati hizo, tukichukua mkeka na chakula chetu.

Ilipofika Machi binti yetu alikuwa akishuka njia za buluu akicheka. Sasa anautaja Mont-Tremblant, wenye mteremko wa mita 645, na Mont-Sainte-Anne karibu na mji wa Quebec. Zaidi ya yote anautamani Le Massif wa Charlevoix, wenye mteremko wa mita 770, ambako ateremkaye huuona mto Saint-Laurent mbele yake, mpana kama bahari.

Tumemwahidi kumpeleka. Safari hii, siku ya kwenda ataichagua yeye.