MTOTO AFUNDISHWE KWA KADIRI YA UJUZI WAKE, SI KWA KADIRI YA UMRI WAKE

Faida ya vikundi vidogo katika shule za msingi

Wazazi wengi hudhani ya kwamba mtoto akiisha kutimiza miaka fulani hana budi kuketi katika darasa fulani, na ya kwamba wote waliomo katika darasa moja wanajua mambo mamoja. Lakini mwalimu ye yote aliyesimama mbele ya watoto 50 au zaidi anajua kwamba sivyo ilivyo. Katika darasa la 4 wamo wanaosoma hadithi bila kukwama, wamo wanaosoma maneno mafupi tu, na wamo ambao hata herufi huwapotea. Mwalimu akishika kitabu cha darasa la 4 na kukifuata, wale wa kwanza humfuata, na waliobaki huitikia pamoja na wenzao kwa sauti kubwa, wala hawasomi. Mwaka hupita, nao hupandishwa darasa, na lile lisiloeleweka huzidi kulimbikizana juu yao.

Dawa ya jambo hili ni kumfundisha kila mtoto kuanzia pale alipofika. Kwa kuwa mwalimu mmoja hawezi kumfundisha kila mtoto peke yake kutwa nzima, huwagawanya katika vikundi vidogo vya wenye ujuzi ulio sawa, hata kama umri wao si sawa.

SI JAMBO GENI

Desturi hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mtoto wa miaka 5 na kijana wa miaka 12 huketi katika mkeka mmoja. Mmoja angali katika herufi, na mwingine yumo katika sura za mbele. Kila mmoja humwendea mwalimu kwa zamu yake, husomeshwa, kisha hurudi mahali pake kudurusu. Na wakubwa huwasikiliza wadogo. Kinachotakiwa kujulikana si miaka ya mtoto, bali ni mahali alipofika.

Shule za msingi zilijengwa juu ya desturi nyingine, ya kila umri na darasa lake. Nchini Kenya desturi hiyo ilitikisika mwezi wa Januari 2003, Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi. Watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliokwisha kupita umri wa kuanza. Mwaka 2004 mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, mwenye miaka 84, aliandikishwa katika darasa la 1 la Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Basi umri haukuweza tena kumwambia mwalimu mwanafunzi wake anajua nini.

Mwaka 2005 jaribio lilianza katika shule 121 za magharibi ya Kenya. Kila shule ilipata mwalimu wa pili wa darasa la 1, ili darasa ligawanywe mara mbili. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa kadiri ya ujuzi wao; katika zile 61 nyingine waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18 watoto wa zile shule 60 walikuwa wametangulia. Jambo la kuangaliwa sana ni kwamba hata wale waliotiwa katika kundi la nyuma walipata faida, kwa sababu mwalimu wao aliweza kuanzia pale walipokuwa.

JINSI INAVYOFANYWA

Shule nyingi hazina mwalimu wa pili wa kuongeza. Hata hivyo kazi hii yawezekana, kama ilivyoonekana nchini India. Huko shirika la Pratham, lililoanza kazi katika mji wa Mumbai miaka ya 1990, hutumia njia iliyo rahisi. Kwanza kila mtoto huitwa peke yake na kupewa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi fupi. Kwa dakika chache tu hujulikana anaweza kusoma nini. Kisha watoto wa darasa la 3, la 4 na la 5 huchanganywa: wa herufi huketi pamoja, wa maneno pamoja, na wa hadithi pamoja. Wa herufi huchezea kadi na kuandika kwa chaki sakafuni. Wa hadithi husomeana na kuulizana maswali. Katika hesabu, vijiti hufungwa kumi kumi ili mtoto aone kwa macho maana ya makumi na mamoja. Saa hiyo ya vikundi ikiisha, kila mmoja hurudi katika darasa lake kwa masomo mengine. Baada ya muda watoto hupimwa tena, na aliyeendelea huhamia kundi la mbele.

Yafaa ijulikane kwamba vitabu peke yake havikutosha. Katika jimbo la Bihar walimu waliopewa vitabu vya njia hii bila msaada mwingine hawakuleta mabadiliko. Katika jimbo la Haryana, mwaka 2012 na 2013, shule zilitenga saa nzima kila siku kwa ajili ya vikundi, na usomaji ukaongezeka. Katika jimbo la Uttar Pradesh watoto walifundishwa kwa njia hii katika vipindi vya siku chache chache, jumla siku 50; mwishoni karibu nusu yao waliweza kusoma aya au hadithi, hali katika shule zisizofundishwa hivyo ni robo hivi tu.

Nchini Kolombia, katika Amerika ya Kusini, shule nyingi za vijijini zina mwalimu mmoja au wawili kwa madarasa yote. Huko mwaka 1975 ulianzishwa mpango uitwao Escuela Nueva, yaani Shule Mpya. Watoto huketi wachache wachache kuizunguka meza, na kila mmoja ana kitabu kinachomwongoza hatua kwa hatua, huku mwalimu akizunguka kuwasaidia waliokwama. Mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya mavuno, arudipo huanzia pale alipoachia, wala halazimishwi kurudia mwaka mzima. Jambo hili litafahamika vema kwa wakulima wa kahawa wa Kenya, na kwa wafugaji ambao ukame huwahamisha pamoja na watoto wao.

HOFU ZA WAZAZI

Hofu ya kwanza ni aibu. Baba akisikia kwamba mwanawe wa miaka 13 ameketishwa pamoja na watoto wa miaka 9, huweza kukasirika, na pengine kumwondoa shuleni. Lakini wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aibu ya kukaa na wadogo kwa saa moja ni ndogo. Ile ya kumaliza shule bila kujua kusoma barua humfuata mtu maisha yake yote.

Hofu ya pili ni kwamba wakubwa watapoteza wakati kwa kuwafundisha wadogo. Kusaidiana kwa muda mfupi hakuna hasara, maana mwenye kueleza jambo hulifahamu zaidi. Lakini mtoto asifanywe badala ya mwalimu, wala masomo yake mwenyewe yasiachwe.

Hofu ya tatu ina haki kabisa: kwamba kundi la nyuma litageuka kuwa gereza. Kikundi kisichopimwa tena ni kibaya kuliko kutokuwa na kikundi, kwa sababu mtoto huambiwa yeye ni mjinga na huishia kuamini. Kwa hiyo vikundi visiitwe kwa majina ya dharau, na mlango wa kwenda mbele uwe wazi daima.

Mzazi naye ana kazi yake, hata kama hakusoma. Mwisho wa muhula wengi humwuliza mtoto, "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo humwambia mzazi nani alimshinda nani, wala halimwambii kama mtoto anajua kusoma. Ni afadhali ampe kitabu, amwambie, "Nisomee ukurasa huu," kisha amwombe aeleze habari aliyoisoma. Mtoto akikwama, asipigwe wala asichekwe. Mzazi na aende kwa mwalimu, naye amwulize lile lililo kubwa kuliko yote: "Mwanangu amefika wapi, na kesho ataanzia wapi?"