Nani humkagua karani wa sensa?

Mji wa Gahanna, ulio pembezoni mwa Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, ulikuwa na wakazi 35,726 kwa mujibu wa sensa ya Aprili mosi, mwaka 2020. Buffalo, jimboni New York, ulikuwa na wakazi 278,349. Tarakimu hizo zaonekana kamili hadi mtu wa mwisho. Lakini je, zilipatikana vipi, na nani alihakikisha kuwa ni sahihi?

Suala hilo si la wataalamu pekee. Columbus, Buffalo na Louisville, jimboni Kentucky, ni miji iliyopokea maelfu ya wakimbizi, wakiwemo Wasomali na Wakongo wazungumzao Kiswahili. Sensa ndiyo huamua kila jimbo litapata viti vingapi katika Baraza la Wawakilishi, na hutumika kugawa fedha za shule, afya na barabara. Baada ya sensa hiyo New York ilipoteza kiti kimoja. Laiti wangehesabiwa watu 89 zaidi, ingebaki nacho.

Ukusanyaji

Kila kaya iliombwa kujibu yenyewe kwa intaneti, simu au posta. Kwa wasiojibu, makarani walitumwa kubisha hodi. Waliposhindwa kumpata mwenye nyumba, walimwuliza jirani, au Idara ya Sensa ilitumia kumbukumbu za serikali kama vile za kodi. Dodoso la intaneti lilikuwa katika lugha 13, na Kiswahili hakikuwamo. Wazungumzaji wake waliandaliwa mwongozo wa kuwasaidia kujaza.

Kila njia ina kasoro yake. Jirani huenda asijue ni watu wangapi hulala nyumba ya pili. Mkuu wa kaya huenda asimwandike mtoto wa nduguye anayeishi kwake, akidhani wanaotakiwa ni wanawe wa kuzaa tu. Mkimbizi naye aweza kuwahofia maafisa wa uhamiaji, ijapokuwa sheria inakataza majibu hayo kutolewa kwao, na mtumishi anayevunja siri hiyo aweza kufungwa hadi miaka 5.

Ukaguzi

Baada ya sensa ulifanyika utafiti wa pili, uliojitegemea. Sampuli ya nyumba takriban 161,000 iliteuliwa, wakazi wakaulizwa upya, kisha orodha mbili zikalinganishwa jina kwa jina.

Tuchukue mfano. Katika mtaa mmoja sensa iliandika watu 90. Hesabu ya pili ikawapata watu 80, na 72 kati yao wamo pia katika orodha ya kwanza. Maana yake sensa iliwafikia watu 72 katika kila 80, yaani asilimia 90. Ikiwa wale 90 ni asilimia 90 ya wakazi, basi mtaa una watu 100, na kumi waliachwa.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba jumla ya taifa ilikaribia ukweli. Ndani ya jumla hiyo, hata hivyo, watu weusi walipungua kwa asilimia 3.30 na watoto wa chini ya miaka 5 kwa asilimia 2.79, ilhali weupe wasio na asili ya Kihispania walizidi kwa asilimia 1.64. Ohio yenyewe ilizidi kwa asilimia 1.49. Mtu aliyeandikwa mara mbili humfunika, katika jumla, yule ambaye hakuandikwa kabisa.

Ipo pia njia ya kupima iwapo takwimu zaingia akilini. Kenya ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, serikali ilifuta hesabu za wilaya 8 za kaskazini, ikisema ongezeko la watu halikulingana na viwango vya uzazi na vifo. Uamuzi huo ulizusha kesi mahakamani.

Nchini Marekani ukaguzi haubadilishi mgawo wa viti, kwani Mahakama Kuu iliamua mwaka 1999 kwamba sampuli zisitumike kwa kazi hiyo. Isitoshe, sampuli ni ndogo mno kuweza kutoa picha ya Gahanna peke yake, au ya wazungumzaji wa Kiswahili. Ukaguzi hufichua kosa bila kulisahihisha. Kwa jamii ndogo, jibu linalotolewa mara ya kwanza, lenye jina la kila anayelala nyumbani, ndilo litakalobaki katika vitabu hadi sensa ya mwaka 2030.