Sifuri Isiyo ya Kweli: Namna Programu ya Kompyuta Inavyogundua Makosa

Mkoani Mbeya mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili. Kipimo cha mvua kikionyesha sifuri mwezi Julai, hakuna wa kushangaa. Lakini sifuri ya Januari humtia mkulima wa mahindi hofu ya ukame. Msomaji achukue mfano wa programu ya kompyuta inayosoma faili ya vipimo vya mvua vya kila siku na kuvijumlisha. Je, itakuwaje iwapo faili hiyo haipatikani?

Programu isipoelekezwa la kufanya, yaweza kuendelea kujumlisha orodha tupu, na jumla ya orodha tupu ni sifuri. Jibu hilo halitofautiani hata kidogo na lile la mwezi usio na mvua. Hapo ndipo ilipo hatari: kukosa taarifa kumegeuka kuwa taarifa.

Lugha ya Go, iliyobuniwa katika kampuni ya Google na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, na kutangazwa mwaka 2009, hulikabili jambo hili waziwazi. Kwa kawaida, kazi inayoweza kushindikana hurudisha vitu viwili: matokeo na kosa. Kosa likiwa tupu, kazi imefaulu. Mwandishi wa programu hulipima kosa hilo kwa sentensi ya sharti kabla ya kuyatumia matokeo. Kwa Kiswahili, hatua hizo zingesomeka hivi:

vipimo, kosa = soma faili ya Januari
kama kosa si tupu: toa taarifa, kisha acha
jumla = jumlisha vipimo

Mstari wa pili ndio mlinzi wa mlango. Sharti likitimia, programu huacha palepale, na jumla ya uongo haipatikani. Taarifa itaje kazi iliyoshindikana na jina la faili, kwani neno "kosa" peke yake halimsaidii anayetafuta chanzo.

Wapo wanaolalamika kwamba masharti haya hujirudia mno. Ni kweli, lakini sharti moja halitoshi: faili yaweza kufunguka, kumbe ndani yake mna herufi badala ya tarakimu, au kipimo kilicho chini ya sifuri. Kila hatua inayoweza kushindikana yahitaji sharti lake.

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Wanafunzi waorodheshe hatua za kutafuta wastani wa alama za darasa, na chini ya kila hatua wajibu: ikishindikana, je? Atakayekumbuka darasa ambalo hakuna aliyefanya mtihani, ambapo jumla hugawanywa kwa sifuri, atakuwa ameanza kufikiri kama mwandishi wa programu.