Miaka Kabla ya Mashine: Matunzo ya Mgonjwa wa Figo Huanzia Kwenye Daftari la Kliniki

Mgonjwa wa figo anapofikishwa hospitalini akiwa amevimba uso na miguu, akihema kwa shida na kutapika, ndugu zake husema kwamba ameugua ghafla. Mara nyingi sivyo. Huenda figo zake zimekuwa zikipoteza nguvu kwa miaka mingi, wakati yeye akilima, akifanya biashara na kuhudhuria kliniki ya shinikizo la damu bila kukosa. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Baadhi vinapokufa, vilivyosalia hubeba mzigo wa wenzake, na mwili hauhisi pengo hadi sehemu kubwa ya uwezo iwe imepotea.

Miaka hiyo ya ukimya ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika matunzo, kwa kuwa ndipo dawa za kawaida na mabadiliko madogo ya maisha huweza kuchelewesha ugonjwa. Figo zikishindwa kabisa, tiba zinazochukua nafasi yake ni kusafishwa damu, ambako kwa mashine ya hospitalini kwa kawaida hufanyika mara tatu kwa wiki kwa takriban saa nne kila mara, au kupandikizwa figo. Tanzania ilipiga hatua kubwa pale upandikizaji wa kwanza nchini ulipofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hata hivyo, si kila mgonjwa anayepata mtu wa kumpa figo, na gharama za kusafishwa damu miaka nenda miaka rudi huweza kumaliza akiba, mifugo na hata shamba la familia.

Namba moja, maana mbili

Ugonjwa wa figo huitwa sugu pale ambapo kasi ya uchujaji imeshuka chini ya mililita 60 kwa dakika, au dalili nyingine za kuharibika kwa figo zimeonekana, na hali hiyo ikadumu kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo, kipimo cha siku moja hakitoshi. Vipimo vya msingi ni viwili: kreatinini katika damu, ambayo husaidia kukadiria kasi ya uchujaji, na albumini katika mkojo, ambayo huonyesha kama vichujio vinavuja. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari, albumini huanza kuonekana kabla kreatinini haijapanda.

Kreatinini ikisomwa peke yake hupotosha. Chukua majibu ya mikromoli 110 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, kanuni ya ukokotoaji ya mwaka 2021 inatoa uchujaji wa takriban mililita 83 kwa dakika. Kwa mwanamke wa miaka 70, namba hiyo hiyo ina maana ya takriban mililita 47. Mhudumu anayeandika “kreatinini ya kawaida” kwa wote wawili humrudisha bibi nyumbani bila msaada aliouhitaji.

Hapa ndipo daftari la kliniki linapopata uzito. Kushuka kwa uchujaji kutoka 70 hadi 58, kisha hadi 45, huonekana tu pale namba hizo zinapoandikwa mahali pamoja, zikiwa na tarehe. Zikitawanyika katika vyeti vya maabara vitatu tofauti, kila mhudumu huanza upya, na mgonjwa huendelea kushuka bila mtu kumwona.

Dawa, chumvi na duka la mtaani

Kwa mgonjwa mwenye albumini nyingi katika mkojo, dawa kama enalaprili au losartani hushusha shinikizo la damu na pia hupunguza uvujaji wa vichujio. Kreatinini na potasiamu zipimwe tena wiki mbili hadi nne baada ya kuanza. Kreatinini ikipanda bila kuzidi asilimia 30 katika kipindi hicho, kwa kawaida hiyo si sababu ya kuacha dawa. Dawa hizi hazifai kwa mjamzito. Aidha, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba dapagliflozini, iliyoanza kama dawa ya kisukari, huchelewesha kuharibika kwa figo hata kwa baadhi ya wagonjwa wasio na kisukari.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Wengi huacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri, ilhali shinikizo la damu huendelea kupanda kimyakimya. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kidogo cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya viwandani. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kwa urahisi kwa ajili ya mgongo na magoti, huweza kuzidumaza figo zilizokwisha dhoofika. Ni vyema kumwuliza mhudumu dawa mbadala. Mgonjwa akipatwa na kuhara au kutapika, afike kituoni mapema, kwani upungufu wa maji huumiza figo, na baadhi ya dawa zake huenda zikahitaji kusimamishwa kwa siku chache kwa ushauri wa daktari.

Kujiandaa mapema

Uchujaji unaposhuka chini ya 30, mazungumzo yaanze, familia ikishirikishwa. Mishipa ya mikono itunzwe: inapowezekana, damu itolewe na dripu iwekwe nyuma ya kiganja. Fistula, yaani muungano wa ateri na vena unaofanywa kwa upasuaji mkononi, huhitaji wiki kadhaa au hata miezi kukomaa kabla ya kutumika. Asiyeandaliwa huanza kusafishwa damu kwa dharura kupitia mpira uliowekwa shingoni, ambao huleta hatari kubwa zaidi ya maambukizi. Wapo pia, hasa wazee wenye maradhi mengine mazito, watakaochagua kutotumia mashine. Hao wanastahili tiba ya kupunguza kichefuchefu, mwasho, maumivu na kukosa pumzi, wala wasionekane kuwa wamekata tamaa.

Katika hudhurio lijalo, mgonjwa mwenye kisukari au shinikizo la damu aulize maswali matatu: uchujaji wa figo zangu ni kiasi gani, mkojo wangu una albumini, na mara ya mwisho namba hizi zilikuwa ngapi? Mhudumu naye aziandike ndani ya jalada la daftari, mahali ambapo yeyote atakayelifungua ataziona kwanza.